Uvimbe wa Taya na Barua za Misioni

Mama akiona taya ya mtoto wake inavimba, husema: ni jino tu. Mara nyingi ni jino kweli. Lakini liko gonjwa moja linalojificha nyuma ya jino, nalo ni kansere ya chembe nyeupe za damu. Tunataka kueleza namna lilivyojulikana, maana hospitali za misioni zilisaidia sana katika kazi hiyo.

Ndani ya mifupa yetu mna uboho, ndimo damu inamozaliwa. Chembe nyeupe za damu ni kama askari wa mwili: hupigana na magonjwa. Askari mmoja akiasi, akaanza kuzaana pasipo mpaka, hapo kansere imeanza.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, huko Kampala, mganga Mwairlandi jina lake Denis Burkitt aliitwa kutazama mtoto aliyevimba taya zote, kuume na kushoto, juu na chini. Hakuelewa. Baada ya siku si nyingi, katika hospitali ya Jinja, akaona mtoto wa pili wa namna ile ile, naye alikuwa na uvimbe hata tumboni. Mwaka 1958 akaandika habari zao ili waganga wengine wazisome.

Burkitt alikuwa Mkristo wa sala, na mtu wa jicho moja, maana lile lingine lilipotea katika utoto wake. Alituma barua na picha kwa hospitali nyingi za Afrika, za serikali na za misioni, akiuliza: Je, mmeona ugonjwa huu? Majibu yakaja, naye akayatia alama katika ramani. Mwaka 1961, pamoja na waganga wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, akasafiri kwa motokaa ya zamani toka Uganda mpaka Afrika ya Kusini. Walikwenda karibu kilometa 16,000 kwa muda wa majuma 10, wakiuliza hospitali kwa hospitali.

Wakaona hivi: ugonjwa ni mwingi katika nchi za chini zenye joto na mvua, ni haba katika milima yenye baridi. Basi, palipo na mbu na malaria, ndipo nao ulipo. Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Leo tunajua kwamba karibu watu wote wana kirusi hicho, wala hakiwadhuru wengi. Lakini malaria ikirudi mara kwa mara, hulegeza ulinzi wa mwili wa mtoto, na hapo ni rahisi askari kuasi. Si ulozi, wala si laana ya jamaa. Tusimsingizie bibi wala jirani.

Kisu hakikutosha kuwaponya watoto hao. Burkitt akajaribu dawa, na kwa wengine uvimbe uliyeyuka kwa siku chache tu; wako waliopona kabisa.

Lakini uvimbe huu hukua upesi mno: kwa siku moja au mbili waweza kuzidi mara mbili. Kwa hiyo, taya ya mtoto ikivimba, meno yakilegea, au tumbo likijaa, msipoteze siku kwa mfumu. Mpelekeni hospitali. Na uvimbe ukiisha, msimrudishe nyumbani kabla mganga hajasema, maana chembe zilizobaki zitaamka tena. Tena mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku.

Burkitt alikufa mwaka 1993. Kazi yake ilifaulu kwa sababu waganga wa mbali, wenye kazi nyingi, walikubali kujibu barua moja. Nasi tukimwona mtoto wa jirani amevimba taya, tusinyamaze. Mungu atatudai neno tulilonyima.