Anwani ya IP na Mtandao Mdogo

anwani ya IP *nm* [i-/zi-] Namba inayotambulisha kifaa, kama vile kompyuta, simu au printa, katika mtandao unaofuata itifaki ya intaneti.

mtandao mdogo *nm* [u-/i-] Sehemu ya mtandao mkubwa iliyotengwa kwa kugawanya anwani zake.

Asili
Neno *anwani* (pia *anuani*) limetokana na Kiarabu. Katika Kiswahili lina maana ya jina la kitabu au habari, na pia maelezo ya mahali mtu anapopatikana. Taaluma ya kompyuta imechukua maana hii ya pili.

Muundo
Katika toleo la nne la itifaki, lililochapishwa mwaka 1981, anwani ina biti 32, na kila biti ni 0 au 1. Ili zisomeke kwa urahisi, biti hizo hugawanywa katika mafungu manne ya biti nane. Kila fungu huandikwa kwa namba kuanzia 0 hadi 255, na nukta huwekwa kati yake: 192.168.10.70. Kwa hiyo 192.168.10.300 si anwani sahihi. Jumla ya anwani zinazowezekana ni 4,294,967,296. Kwa kuwa idadi hiyo haikutosheleza mahitaji ya dunia, toleo la sita lina biti 128.

Anwani ina sehemu mbili. Biti za mwanzo hutaja mtandao. Zilizobaki hutaja kifaa. Kama vile kiambishi ngeli kinavyoonyesha neno ni la kundi gani, ndivyo biti za mwanzo zinavyoonyesha kifaa ni cha mtandao upi. Mpaka wa sehemu hizo huonyeshwa na *barakoa*: biti za 1 zinazofuatana, kisha za 0. Barakoa 255.255.255.0 ina biti 24 za 1, na hufupishwa kwa mkwaju: /24.

Mgawanyo
Chukua shule yenye mtandao 192.168.10.0/24, ambao una anwani 256. Biti mbili za sehemu ya kifaa zikihamishiwa sehemu ya mtandao, barakoa huwa 255.255.255.192, yaani /26, na hupatikana mitandao midogo minne:

- maabara ya kompyuta: 0 hadi 63
- ofisi ya walimu: 64 hadi 127
- maktaba: 128 hadi 191
- uhasibu: 192 hadi 255

Kila mmoja una anwani 64, lakini vifaa hupewa 62 tu. Ya kwanza ni *anwani ya mtandao* wenyewe, na ya mwisho ni *anwani ya utangazaji*, inayopeleka ujumbe kwa vifaa vyote vya kundi. Mawasiliano baina ya makundi hupitia ruta, na hapo ndipo msimamizi anapoweza kuzuia kompyuta za maabara zisifikie kumbukumbu za uhasibu.

Matumizi
1. *Anwani ya mtandao* isitumiwe kwa maana ya anwani ya kifaa, wala ya *anwani ya tovuti*. Katika mfano huu, 192.168.10.64 ni anwani ya mtandao, 192.168.10.70 ni ya kifaa.
2. *Barakoa* inafaa kuliko *kinyago*, ambacho huleta picha ya sanamu ya kuchongwa. Barakoa ya asili hufunika sehemu ya uso na kuacha macho wazi. Ya mtandao nayo hutenga sehemu moja ya anwani na nyingine.
3. *Mdogo* hapa hakumaanishi wenye vifaa vichache, bali ulio sehemu ya mwingine.
4. Mfasiri asibadili nukta kuwa mkato, wala asidhani kwamba barakoa zote ni 255.255.255.0. Mwongozo ukikosea hivyo, kompyuta ya 192.168.10.70 itaiona 192.168.10.130 kuwa jirani, itaiita moja kwa moja bila kupitia ruta, na kwa kawaida haitajibiwa. Mtumiaji atabadilisha nyaya bure, ilhali kosa limo katika tarakimu moja ya tafsiri.

Mfano wa sentensi: *Printa ya maktaba imepewa anwani ya IP isiyomo katika mtandao wake mdogo, ndiyo maana haionekani.*