Miaka 30 ya Actions: paneli iliyozaliwa katikati ya ugomvi

Paneli ya Actions katika programu ya Photoshop inatimiza miaka 30 mwaka 2026. Kazi yake ni kurekodi hatua anazopitia mhariri wa picha, kisha kuzirudia juu ya picha nyingine, ziwe mbili au mia tano. Picha za harusi zinazopaswa kupunguzwa ukubwa, kung'arishwa na kuhifadhiwa kwa JPEG hupita njia ileile moja. Bila paneli hiyo, ikifika picha ya thelathini mkono wa fundi umechoka na hatua zinaanza kurukwa. Hata hivyo, wanaosimulia historia ya Photoshop huisifu leya, yaani tabaka la picha linalohaririwa peke yake, iliyoingia mwaka 1994, na Actions huachiwa mstari mmoja.

Photoshop ilianza mwaka 1987, pale Thomas Knoll, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, alipoandika programu ya kuonyesha picha kwenye skrini ya Macintosh. Ndugu yake John, wa studio ya madoido ya filamu ya Industrial Light & Magic, akamhimiza aipanue, na kampuni ya Adobe ikaiingiza sokoni Februari 1990. Mwaka 2013 Computer History Museum ya California ilitoa msimbo wa toleo la 1.0.1, mistari ipatayo 128,000, mingi ikiwa ya Pascal. Humo hamna cha kurekodi hatua. Fundi alifungua picha, akaihariri, akaifunga, akaanza upya na inayofuata.

Agosti ya mwaka huohuo wa 1990, John Cristy wa kampuni ya kemikali ya DuPont aliitoa bure ImageMagick, programu ambayo hufanya kazi zake kwa amri za maandishi, hivyo amri ileile iliweza kurudiwa juu ya picha nyingi. Ilikuwa zana ya watu wa kompyuta; mpiga picha wa kawaida hakuijua.

Wenye Macintosh walijisaidia kwa programu za pembeni. QuicKeys ya CE Software ilikariri vitufe vilivyobonyezwa na mahali kipanya kilipobofya, basi dirisha likisogea kidogo tu, mbofyo uliangukia mahali pengine. PhotoMatic ya DayStar Digital ilikuwa na akili zaidi, kwa kuwa ilizungumza na Photoshop yenyewe kwa lugha ya AppleScript, lakini ilibidi kuinunua kando. Ndani ya Photoshop 3.0 palikuwa na paneli ya Commands, ambamo amri ya menyu ilipewa kitufe chake na rangi yake. Commands ilifupisha njia. Kurudia ilikuwa bado juu ya fundi.

Novemba 1996 likatoka toleo la 4.0, na ugomvi ukatoka nalo. Adobe ilitaka Photoshop ifanane na ndugu zake Illustrator na PageMaker, ikabadilisha vitufe vya mkato ambavyo mafundi walikuwa wamevizoea kwa miaka. Zamani, kitu kilichobandikwa kilielea juu ya picha mpaka kiwekwe; sasa kilijitengenezea leya mpya chenyewe. Zamani, kukokota eneo lililochaguliwa kulihamisha picha iliyomo. Sasa mpaka wa eneo ndio uliosogea, na picha ilihitaji zana ya Move. Mtu aliyeweza kufanya kazi bila kutazama kibodi alijikuta mwanafunzi tena, huku kazi za wateja zikimsubiri. Malalamiko yalikuwa makali, na wapo waliobaki na 3.0.

Actions ilikuja katika toleo hilohilo, ikachukua nafasi ya Commands. Hapo walalamikaji walikuwa na haki: aliyetaka kitufe kimoja kwa amri moja sasa alilazimika kurekodi action ya hatua moja. Lakini katika suala la vitu vinavyoelea, Adobe ndiyo iliyoona mbali. Kitu kinachoelea hutegemea fundi alichofanya sekunde iliyopita. Leya hukaa ilipowekwa. Hatua zikitakiwa kurudiwa bila mtu, lazima kila moja iikute picha katika hali inayotabirika. Kelele za vitufe zilifunika hoja hiyo.

Actions ya kwanza ilikuwa na mapengo. Mchoro wa brashi haukurekodiwa, na amri kadhaa zilipaswa kuingizwa kwa mkono. Nguvu yake ilikuwa Batch: fundi alitaja folda ya kutoa picha na folda ya kupokea, akaenda kunywa chai. Toleo la 5.0 la mwaka 1998 liliongeza hatua zinazorekodika na kuihamishia Batch katika menyu mpya ya Automate.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwaka 2002 toleo la 7.0 lilipata programu-jalizi ya kuandikia hati za JavaScript, na mwaka 2003 uwezo huo ukajengwa ndani ya Photoshop CS. Lightroom, programu nyingine ya Adobe ya mwaka 2007, iliwawezesha wapiga picha kunakili marekebisho kutoka picha moja hadi nyingine bila kugusa faili la asili, na wengi wakahamia huko. CS6 ya mwaka 2012 hatimaye ilirekodi brashi, na mwisho wa mwaka huo wanachama wa Creative Cloud, huduma ya usajili ya Adobe, wakapata action zenye masharti, kwa mfano kutofautisha picha ya wima na ya mlalo. Paneli yenyewe haijabadilika sana tangu 1996, na miongoni mwa seti zake umo mkusanyiko wa action fupi fupi ambao bado unaitwa Commands.