HISTORIA NA AFYA, SEHEMU YA 4: Kijiji ndani ya jiji

Wapendwa, baada ya sehemu ya tatu wengi mliniuliza inbox, "Nesi, mipango miji inakuhusu nini?" Leo nawajibu kwa kisa cha kweli cha Boston, Marekani. Ni kirefu kidogo, kaeni vizuri.

Pembeni kabisa ya hospitali kubwa ya Massachusetts General kulikuwa na mtaa unaitwa West End. Uswahilini hasa, ila wa Wazungu: Waitaliano wengi, Wayahudi, Wapolandi na wengineo. Majengo ya matofali yamebanana, kodi ya chini. Mama anakaa ghorofa ya kwanza, binti aliyeolewa anakaa juu yake, shangazi ng'ambo ya barabara. Habari zinapita dirisha kwa dirisha. (Leonard Nimoy, yule wa masikio yaliyochongoka kwenye Star Trek, alikulia hapo.)

Sasa, mwaka 1949 Marekani ilipitisha sheria ya nyumba iliyotoa fedha kwa miji kubomoa makazi duni. Boston ikaamua West End ni makazi duni. Tangazo lilipotoka wenye nyumba wakaacha kukarabati, maana nani apake rangi ukuta unaosubiri tingatinga? Mtaa ukachakaa zaidi, na uchakavu ule ukawa ushahidi kwamba unastahili kubomolewa. Yaani unamnyima mgonjwa dawa, halafu unaandika kwenye faili lake kwamba hali ni mbaya.

Oktoba 1957 mwanasosholojia Herbert Gans alihamia hapo akaishi na watu hadi Mei 1958. Kitabu chake cha 1962, The Urban Villagers, kinawaita wakazi wale wanakijiji wa mjini. Alichosema ni kwamba kodi ya chini na ngazi chakavu havifanyi mtaa kuwa mbovu. Watu wale walikuwa na ndugu, majirani na duka linalokopesha.

Haikusaidia. Aprili 1958 barua za kuondoka zilianza kufika. Familia kama 2,700 zikatawanyika, na kufikia 1960 eneo lilikuwa tambarare. Palipanda maghorofa marefu ya wenye uwezo. Hospitali ilibaki, na kanisa la St. Joseph likabaki.

Hapa ndipo mimi nesi naingia. Katika hospitali ile kulikuwa na daktari wa magonjwa ya akili, Erich Lindemann. Alijulikana kwa kuwachunguza wafiwa na manusura wa moto wa ukumbi wa Cocoanut Grove wa 1942, ulioua watu 492. Yaani msiba aliujua vizuri. Timu yake iliwahoji watu wa West End kabla ya kuhama na baada ya kuhama. Mwaka 1963 mwenzake Marc Fried akaandika walichokuta: asilimia 46 ya wanawake waliohojiwa walikuwa na huzuni nzito, ile ya kufiwa kabisa. Vilio visivyoisha, kichefuchefu, tumbo kuvurugika. Miaka miwili baadaye asilimia 26 bado walikuwa na majonzi.

Na hakuna aliyekufa, jamani. Ni mtaa tu uliobomolewa.

Sisi mtu akija presha imepanda tunauliza chumvi, dawa, usingizi. "Umehama lini, na umewaacha nani?" haimo kwenye fomu ninazojaza.

Jirani na West End kuna North End, mtaa wa aina ileile uliosalimika. Jane Jacobs aliuandika mwaka 1961: wataalamu waliuita mtaa mbovu huku takwimu za jiji zikionyesha magonjwa na vifo vya watoto wachanga huko ni miongoni mwa vya chini kabisa Boston nzima!

Baadaye wapangaji miji waligeuka, wakaanza kuvitafuta vijiji walivyokuwa wakivivunja. Uingereza ikajenga Poundbury kuanzia 1993, na Seattle ikaweka vijiji vya mjini kwenye mpango wake wa 1994: duka, shule na kituo cha basi pale unapofika kwa miguu. Ni vizuri, sipingi. Ila mchoro unaweza kukupa njia ya miguu, hauwezi kukupa shangazi ng'ambo ya barabara.

Sisi tuliwatangulia. Mpango wa mji mkuu Dodoma wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ulianza na nyumba kumi, zikiungana kuwa makazi yenye huduma zake, watu watembee au wapande basi. Lakini miaka hiyohiyo Operesheni Vijiji ilikuwa ikihamisha mamilioni ya Watanzania, wengine kwa nguvu. Bibi zetu waliobebwa na yale malori wapo, baadhi tunawapima presha kila mwezi. Natamani mtu awaulize maswali yaleyale ya Lindemann kabla hawajaondoka. Mwenye bibi aanze nyumbani kwake, aandike.

Kuhusu Boston: mwaka 2015 mamlaka ya uendelezaji ya jiji iliomba radhi hadharani kwa yaliyofanyika West End. Miaka 57 baada ya barua zile. Aliyefungasha vyombo akiwa na miaka 30, kama alikuwa hai, alikuwa na 87.