Kirore, Muthirigu na Wimbo wa Waliookoka

Picha za waanzilishi wa kwaya na majina ya wenyeviti waliotangulia mtayaona katika kurasa nyingine. Mimi nimepewa ukurasa huu niandike historia, na nimechagua historia ambayo haikutokea hapa Doldol. Ilitokea kule chini, ukishateremka Nanyuki, ukapita Naro Moru na Kiganjo, mpaka upande wa Karatina kwenye kilima cha Tumutumu. Nimeichagua kwa sababu inahusu nyimbo, na kwa sababu binti zetu wanaoimba sauti ya kwanza wataielewa upesi kuliko wazee wao.

Mwezi wa Machi 1929 wazee wa makanisa ya Wakikuyu walikutana Tumutumu, kituo cha Misheni ya Kanisa la Scotland. Waliazimia kwamba Mkristo anayempeleka binti yake kukeketwa asimamishwe ushirika. Wengi hudhani jambo hilo lilikuwa la wazungu peke yao. Ni kweli wamisionari walikuwa wamelihubiri kwa miaka mingi, hasa Dakta John Arthur wa kituo cha Kikuyu. Lakini katika mkutano ule walikuwamo wazee Waafrika, na hao ndio waliolazimika kurudi nyumbani jioni wakawakabili mama zao, wakwe zao na majirani.

Moto wenyewe uliwaka baadaye mwaka huohuo. Waumini na walimu wa shule za misheni walitakiwa watie sahihi tamko la kukataa tohara ya wasichana, na pamoja na hilo wajitenge na chama cha Kikuyu Central Association. Asiyejua kuandika aliweka alama ya kidole gumba. Alama hiyo ya kidole, kirore kwa Kikuyu, ikageuka kuwa jina la watu: waliokubali wakaitwa Kirore, waliokataa wakaitwa Aregi. Tukumbuke zilikuwa nyakati gani. Ardhi ilikuwa imechukuliwa, na mwanamume alitembea na kipande shingoni chenye alama za vidole vyake. Kuambiwa tena uweke kidole kwenye karatasi ya mzungu kulitia watu hofu kwamba wanatoa hata shamba lililobaki. Sisi wa Laikipia hatuwezi kuwacheka kwa hofu hiyo. Baada ya mkataba wa 1911 Wamaasai walihamishwa kutoka nyanda hizi kwenda kusini. Kwa maoni yangu misheni ilikosea sana kuunganisha katika karatasi moja mwili wa mtoto na siasa ya ardhi, na waliolipia kosa hilo ni waumini wa kawaida.

Wengi mno waliondoka makanisani. Hawakumwacha Mungu, walijenga shule na makanisa yao wenyewe kwa michango na kwa mikono yao, na ndiko lilikotoka Kanisa la AIPCA tunalolijua mpaka leo. Waliobaki walikuwa wachache, na juu yao ukashuka wimbo.

Wimbo huo uliitwa Muthirigu. Vijana waliucheza na kuuimba kijiji baada ya kijiji, wakiwakejeli wamisionari, machifu na wasichana ambao hawakutahiriwa. Ulisambaa kwa kasi hata serikali ikaupiga marufuku Januari 1930. Wanakwaya, ninyi mnajua nguvu ya wimbo wenye mdundo unaoingia miguuni. Hebu fikirini unaimbwa nje ya nyumba yenu usiku, na anayechekwa ndani yake ni dada yako. Msichana wa namna hiyo aliitwa kirigu, tusi lililomaanisha kwamba bado si mtu mzima na hafai kuolewa. Mzee wa kanisa aliweza kujifariji kwa cheo chake. Binti wa miaka kumi na mitano alijifariji kwa nini?

Jibu mojawapo lilitoka kwa wanawake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akina mama Wakristo wa misheni hiyo waliunda kikundi walichokiita Ngo ya Tuiritu, yaani Ngao ya Wasichana. Waliwakinga mabinti waliokataa, na wakaandika barua kwa baraza la wenyeji, ambalo lilikuwa la wanaume watupu, kwamba jambo hili ni la wanawake na wao wana neno la kusema. Sijui kwa nini hatuwataji zaidi katika mahubiri.

Kwetu hapa, sheria ya mwaka 2011 imekataza ukeketaji kabisa. Lakini sheria hailali bomani. Binti anayekataa emurata bado anaweza kuambiwa hataolewa, na mama anayemtetea bado anaweza kukaa peke yake kisimani. Wapo miongoni mwetu wanaoyajua haya bila kusoma kitabu chochote, na sitawataja.

Wimbo wa pili ulitoka mbali. Mwaka 1937 timu ya Uamsho kutoka Rwanda na Uganda ilifika Kabete, na pamoja nayo wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza. Waliookoka, Ahonoki kwa Kikuyu, walitambuana kwa wimbo huo wakikutana njiani au sokoni. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mnamo Oktoba 1952, wimbo huo ukawa hatari kwa mwimbaji. Msituni walidai kiapo. Ahonoki walikataa, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Serikali nayo ikawataka washike bunduki wawe Homu Gadi, na wengi wao wakakataa hilo pia, kwa kuwa hawakutaka kumwua jirani. Hivyo wakachukiwa pande zote mbili. Baadhi waliuawa.

Hapa historia inahitaji upole. Dedan Kimathi mwenyewe alisoma shule ya misheni ya Tumutumu. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 kwa kupigania ardhi ambayo watu wake walinyang'anywa kweli. Familia moja iliweza kuwa na ndugu msituni na ndugu kwenye ushirika wa Ahonoki, na mama yao akawalilia wote. Sioni haja ya kuchagua nani alimpenda nani zaidi.

Mmoja wa viongozi wa Uamsho, Obadiah Kariuki, alikuwa shemeji ya Jomo Kenyatta. Mwezi wa Mei 1955, vita vikiendelea, aliwekwa wakfu kuwa askofu pamoja na Festo Olang' huko Namirembe, Kampala. Huko Murang'a lilijengwa kanisa la kuwakumbuka waliouawa, nalo likapewa jina la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Ndani yake mchoraji kijana kutoka Marangu, Kilimanjaro, Elimo Njau, alichora ukutani kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Yesu wa michoro ile ni Mwafrika, na nyuma yake ni migongo ya vilima vya Wakikuyu.