Walitoa Damu, Chanjo Ikawapita

Hebu muulize mamako kama bado ana kile kitabu chako cha kliniki. Angalia wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kuna sindano moja hapo inayokinga magonjwa matano, na mojawapo ni homa ya ini aina ya B. Kenya ilianza kuitoa 2001. Mimi niliipata. Brathe yangu alizaliwa 1997, ikampita, na sasa ndiye anafanya usafi kwa wodi, anabeba taka zenye damu na sindano.

Dozi ni tatu, kwa miezi sita. Ya kwanza alijilipia. Ya pili akasema mwezi ujao. Huo mwezi ujao umegeuka mwaka mzima. Nilikuwa namwita mzembe, hadi niliposoma historia ya hii chanjo nikanyamaza.

Miaka ya 1960, mwanasayansi Mmarekani, Baruch Blumberg, alikuta kitu kigeni kwenye damu ya Mwaustralia mmoja wa asili. Baadaye ikajulikana ni sehemu ya virusi vya homa ya ini. Akapewa Tuzo ya Nobel 1976. Mwenzake Maurice Hilleman akatengeneza chanjo kutoka kwa damu ya watu walioambukizwa, wengi wao wanaume wanaopenda wanaume. Halafu 1978 ikajaribiwa New York, na waliojitolea kudungwa walikuwa hao hao: wanaume 1,083. Ikafanya kazi poa sana, na 1981 ikaidhinishwa.

Serikali ya Marekani ikasema ipewe walio hatarini zaidi: wahudumu wa afya, wanaume hao, wanaojidunga dawa za kulevya, wanaosafishwa damu kwa mashine. Ungedhani foleni itafika barabarani. Wapi! Bei ilikuwa juu. Halafu Ukimwi ukaingia, na watu wakauliza: kwani hii chanjo si imetoka kwa damu ya watu wanaokufa? Uoga wenyewe ulieleweka, ingawa dawa zilizotumika kuisafisha ziliua virusi vyote. 1986 ikaja chanjo mpya iliyotengenezwa kwa hamira, bila tone la damu ya mtu. Bado watu hawakuja.

Sababu moja naiona hivi. Ili upate, ilibidi usimame mbele ya daktari useme, “Mimi ni shoga,” ama “Mimi najidunga.” Enzi hizo ungepoteza kazi, nyumba, hata familia. Nani angejitaja? Na wengi walioambukizwa hawakuwa kwenye kundi lolote linalojulikana. Waliojitokeza zaidi ni wahudumu wa afya. Yaani waliotoa damu na mikono yao ndio ikawapita.

1991 Marekani ikabadilisha mpango: kila mtoto achanjwe. Taiwan ilikuwa imeanza na watoto tangu 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikashuka. Mtoto mchanga haulizwi yeye ni nani. Haombwi pesa. Anabebwa mgongoni, analia, imeisha.

Ndiyo maana mimi nina kinga na brathe hana. Si eti mimi ni mwerevu, hata chuo niliacha. Mimi nilibebwa, yeye aliambiwa ajipange.

Kama ulizaliwa kabla ya 2002, ama hukupelekwa kliniki, nenda upimwe kwanza, kwa sababu hivi virusi hukaa mwilini miaka bila dalili yoyote. Ukiwa hunavyo, uchanjwe. Kama uliachia njiani, huanzi upya, unaendelea pale ulipofika. Na ukiwa bosi wa watu wanaogusa damu, acha kuwaambia wajipange. Lipa, waite, wadungwe hapo hapo kazini.

Jumamosi naenda na brathe. Nauli ni yangu, dozi tunagawana.