Mpini wa Jambia

Katikati ya karne ya 1, mfanyabiashara wa Kigiriki kutoka Misri aliandika mwongozo wa mabaharia wa bahari yetu. Alipofikia Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki, alitaja mikuki iliyofuliwa Muza, kusini mwa Arabuni, kwa ajili ya soko hilo hasa, pamoja na mashoka na visu. Majahazi yalirudi na pembe za ndovu, magamba ya kasa na vipusa, yaani pembe za faru.

Kipusa hicho ndicho kilichokuja kuwa mpini wa jambia. Sisi wa pwani tunalijua jambia kiunoni mwa bwana harusi, juu ya kanzu na joho. Oman wanaliita hanjari, nalo limo katika nembo ya taifa lao. Yemen ni habari nyingine: huko mwanamume hulivaa siku ya kazi na siku ya Ijumaa. Kulichomoa katika ugomvi ni kosa hata kabla ya kumgusa mtu, na koo mbili zikihasimiana huweka majambia yao kwa msuluhishi kama rehani.

Kisu chenyewe kimepinda, kina makali pande mbili, na kwa kawaida hakikati kitu. Mnunuzi hutazama mpini. Mpini wa kipusa, ukishikwashikwa kwa miaka mingi, huingia rangi ya manjano na kupenyeza mwanga. Wayemeni huuita saifani. Zamani ulikuwa pambo la masayyid na makadhi, na mwanakijiji alitosheka na pembe ya ng'ombe.

Mwaka 1962 mapinduzi yalimwondoa Imamu aliyetawala Yemen Kaskazini, vikafuata vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi 1970. Kisha bei ya mafuta ikaruka mwaka 1973, na vijana wa Yemen wakamiminika Saudia kutafuta kazi. Walirudi na fedha, wakataka mpini wa sayyid. Nani angewalaumu? Ila Kenya, iliyokuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970, ilibaki na chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Dawa za Mashariki ya Mbali nazo zilichangia, tena hata machicha ya kipusa yaliyobaki karakanani mjini Sanaa yaliuzwa huko.

Yemen ilipiga marufuku uingizaji mwaka 1982, magendo yakaendelea. Mwaka 1992 Mufti Mkuu akatoa fatwa dhidi ya kuua faru. Kwa maoni yangu, mfuko ulisema kwa sauti kubwa zaidi: katika mgogoro wa Ghuba wa 1990, Wayemeni wapatao laki nane walilazimika kuondoka Saudia, na wanunuzi wakapungua. Mafundi wakazidi kugeukia pembe za nyati, mbao na plastiki. Mipini ya zamani haikuguswa na marufuku. Baba humwachia mwana, na bei yake inazidi kupanda.