Kovu la boda na mashine ya RF: jua haya kabla utoe doh

Neno boda boda lilizaliwa kwa huu mpaka wetu wa Busia na Malaba, na makovu yake tunayo pia. Pita stage zozote kuanzia Matayos hadi Busia town, utapata msee ana alama ya lami kwa goti, kiwiko ama shavu. Sasa watu wameona mashine ya RF kwa simu na wanauliza: inafuta?

RF ni mawimbi ya redio. Umeme unapita kwa ngozi, ngozi inaupinga, joto linatokea. Joto hilo linakunja kolajeni, ile nyuzi inayoshikilia ngozi, halafu mwili unaunda nyingine mpya polepole, miezi 3 hadi 6. Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya makunyanzi ya macho mwaka 2002. Kwa makovu, inayotumika sana ni ile yenye visindano vinavyopeleka joto ndani. Haifuti kovu, inalisawazisha tu.

Poa ni kwamba leza nyingi hufuata weusi wa ngozi, so zinaweza kutuachia madoa. RF haifuati rangi.

Lakini cheki kovu lako kwanza. Mashimo ya chunusi na kovu lililozama, hapo RF inaweza kusaidia. Keloidi ni story ingine kabisa. Hiyo ni ile inavimba, inawasha, na inakua kupita mahali uliumia. Watu weusi tunaipata zaidi, na ukiichokoza na visindano vya moto inaweza kurudi kubwa kuliko ya kwanza. Mpeleke daktari wa ngozi. Mara nyingi ataanza na sindano za steroidi. Na kama uliwekewa chuma mguuni baada ya ajali, una kifaa cha moyo, ama una mimba, sema kabla mashine iwashwe.

Oktoba 2025, FDA ya Marekani ilionya kuhusu RF ya visindano: watu wameungua, wamepata makovu mapya, mafuta ya uso yameisha, neva zimeumia. Ilisema hiyo ni tiba, si ya kujifanyia kwa nyumba.

Kenya, leseni ya daktari na ya kliniki unaicheki kwa tovuti ya KMPDC. Ukivuka upande wa Uganda juu ya bei, uliza leseni vilevile. Na bei yenyewe mara nyingi ni ya siku moja, na kovu huhitaji kama mara 3 ama 4, so zidisha, kisha ongeza fare.